Skuna za kizamani zirudi, miguu yetu imechoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niongee na wale wanaotuandalia ukurasa wa mitindo. Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi, mwalimu wa sekondari hapa Morogoro, na ule ukurasa huwa naufungua kabla hata ya michezo, kwa hiyo nayasema haya kwa sababu naupenda. Jambo langu ni viatu. Kila mkituwekea viatu vya kike vya kutokea, viwe vya ofisini, vya kanisani au vya harusini, ni vilevile, kisigino chembamba inchi 4 mpaka 5, mbele mchongoko, halafu pembeni mmeandika mdada akivaa hivi atatoka bomba. Atatoka bomba sawa, lakini atarudi nyumbani vipi?

Maana wanaosoma gazeti lenu si mamodo. Kuna sisi walimu tunaosimama kwenye sakafu ya saruji asubuhi mpaka mchana, kuna karani wa benki ambaye mnamwona amekaa kumbe kutwa anazunguka na mafaili, kuna dada wa mapokezi hotelini, kuna wanakwaya, kuna wamama wa kamati ya harusi ambao hawakai hata dakika tano. Nendeni ukumbi wowote wa harusi hapa nchini mida ya saa nne usiku muangalie chini ya meza, mtakuta skuna zimevuliwa zimelala upande, na mwenyewe katoa kandambili kwenye pochi ndo anachezea kwaito. Yaani siku hizi imekuwa ni sehemu ya maandalizi kabisa, unapanga gauni, unapanga heleni, unapanga na malapa ya kubadilisha. Mtu analipa elfu 60 au 70 kwa kiatu cha kuvaa kutoka kwenye gari mpaka kwenye kiti, na tumeshazoea hivyo mpaka tunaona ndo kawaida.

Na vya chini navyo si jibu la kila kitu. Zile simpo za elfu 10 soli yake nyembamba kiasi kwamba ukikanyaga kokoto unaijua, hazina chochote cha kushikilia katikati ya unyayo, ukisimama nazo kutwa kisigino cha mguu kinawaka moto, alafu ukivaa na suti au gauni la kitenge lililoshonwa vizuri unaona kabisa hapa chini pamepwaya. Kwa hiyo mwanamke anabaki na machaguo mawili, apendeze aumie au asiumie aonekane kaja sokoni.

Ninachotaka mimi kipo katikati na kipo siku nyingi. Kiatu cha ngozi, mbele mviringo, mkanda mmoja umekatiza juu ya mguu na kifungo pembeni, au ule mkanda wa herufi T unaoshuka mpaka karibu na vidole, kisigino kinene cha inchi moja na nusu mpaka mbili na kidogo. Au kile cha kufunga kamba mbele kama cha kiume lakini kina kisigino na kiuno kizuri. Vijana wanaouza Insta wanaviita vinteji. Mama yangu anacho kimoja kwenye picha aliyopiga studio enzi za Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe, mkanda juu, kisigino kimesimama wima, na miguu imekaa kwa raha unaona hata usoni hajakunja. Anasema kiatu hichohicho alienda nacho kazini kwa mguu mchana na usiku akaenda nacho dansini, na dansi la wakati ule watu walicheza mpaka kunakucha. Nikimuuliza malapa ya kubadilisha aliweka wapi anashangaa, malapa ya nini.

Watu wengi wakisikia kiatu cha zamani wanadhani ni cha bibi. Si kweli hata kidogo, ukifuatilia historia yake hivi viatu vilitengenezwa kwa ajili ya wanawake vijana wenye mishemishe. Miaka ya 1920 huko Marekani na Ulaya sketi zilipanda juu ndo mguu wa mwanamke ukaanza kuonekana barabarani, na muziki wa wakati ule ulikuwa wa kurusha miguu, sasa kiatu kisichokuwa na mkanda kingeruka mpaka kwa wapiga tarumbeta. Ndo maana ikaja ile mikanda ya T na mkanda mmoja, haikuwa urembo tu, ilikuwa ya kushika mguu usiteleze mbele. Na kisigino kikawekwa kifupi chenye kiuno ili mtu aweze kugeuka bila kuyumba. Mpaka leo wanaocheza majukwaani huko kwenye michezo ya kuigiza ya kuimba wanavaa viatu vya umbo hilohilo, mkanda na kisigino kilichotulia, na wale ni watu wanaoruka na viatu usiku kucha, wangekuwa wanaumia wangeshaviacha.

Halafu ikaja vita ya pili ya dunia. Uingereza nguo na viatu vikaanza kugawiwa kwa kuponi mwaka 1941, Marekani mwaka 1943 mtu akawa anaruhusiwa pea 3 tu za ngozi kwa mwaka, na wanawake ndo walikuwa viwandani na maofisini maana wanaume wako vitani. Fikiria una pea 3 za mwaka mzima, unachagua kiatu gani? Unachagua cha kufunga kamba, kisigino kipana, soli inayoweza kubadilishwa. Viatu vya miaka ya 1940 vinaonekana vizito kwenye picha lakini vilikuwa vya watu wa kutembea.

Kuna mtu mmoja naye inabidi nimtaje, Salvatore Ferragamo, fundi viatu wa Kiitaliano aliyekwenda Marekani akawa anawatengenezea waigizaji wa sinema. Huyu hakuridhika na kupamba juu, akaenda kujifunza anatomia chuo kikuu kule Los Angeles ili ajue uzito wa mwili unaangukia wapi kwenye unyayo, akagundua sehemu ya upinde katikati ndo inatakiwa ishikiliwe, akawa anaweka kipande cha chuma ndani ya soli pale katikati. Baadaye amerudi kwao Italia akakaa Florence, nchi yake ikavamia Ethiopia mwaka 1935, ikawekewa vikwazo, chuma kizuri kikawa hakipatikani. Ndo akachukua magome ya mti ule wa kutengenezea vizibo vya chupa, kutoka kisiwa cha Sardinia, akajaza nafasi yote kati ya kisigino na mbele, na hicho ndo kiatu cha wedji tunachovaa mpaka leo. Sasa angalieni, vikwazo vya kuwatetea Waafrika ndo vimezaa moja ya viatu vya juu vyenye raha kuliko vyote. Na wedji ya magome hayo ni nyepesi, inakaa vizuri kwenye barabara zetu za vumbi, haizami, hainasi kwenye mitaro.

Kile kisigino chembamba chenye chuma ndani kimekuja kushamiri miaka ya 1950, yaani ni mgeni kwa hawa wengine. Sisemi kifutwe, kuna wanaokipenda na kukimudu na waendelee. Nasema isiwe ndo sheria. Mwaka 2015 kule London dada mmoja wa mapokezi, Nicola Thorp, alirudishwa nyumbani siku ya kwanza kazini bila malipo kwa sababu alivaa viatu vya chini, akaanzisha ombi likasainiwa na watu zaidi ya laki moja na nusu mpaka likajadiliwa bungeni mwaka 2017. Huku kwetu hakuna anayerudishwa kwa barua, ila nawajua mabinti niliowafundisha ambao sasa wako mapokezi na wameambiwa na wakubwa wao kwamba visigino virefu ndo unadhifu, na wanavivaa masaa tisa wamesimama. Mtoto wa miaka 24 ana sugu kwenye kila kidole na kidole gumba kimeanza kulalia wenzake. Inaniuma kwa kweli, maana kisigino kikipanda uzito wote unahamia mbele kwenye vidole, na mbele kwenyewe ni mchongoko, vidole vinaenda wapi.

Sasa tuje kwenye kuvipata, maana hapa ndo kazi ilipo na ndo ambapo ningependa ukurasa wenu utusaidie.

Madukani vya spesho, yaani vipya visivyo mtumba, ni bahati. Nimepita sana Kariakoo, mtaa wa Kongo na ile mitaa ya nyuma, winga anakushika mkono anakuambia dada njoo kuna mzigo mpya, ukifika ni mchongoko uleule kwenye rangi saba. Ukisema unataka kisigino kinene kifupi anakuletea kiatu cha sare ya shule. Ukipata chenye umbo zuri basi ni leza feki, ngozi ya bandia iliyobandikwa juu ya kitambaa, ukikunja mbele pale vidole vinapopinda unaona mistari myeupe, na hiyo baada ya mvua moja ya masika inachubuka yote. Bei yake ndo hiyohiyo ya ngozi.

Kwa hiyo tunarudi mtumbani. Siku hizi kwa treni ya SGR kutoka huku Morogoro unafika Dar chini ya masaa mawili, unaenda soko la mitumba la Karume asubuhi na jioni umerudi. Karume pale Ilala paliungua Januari 2022 na watu walipoteza mitaji yao yote, lakini wamesimama tena na ndo mahali ambapo bado unaweza kupata skuna ya ngozi halisi kwa elfu 15 mpaka 30, zile za Kiingereza na za Kijerumani za wamama watu wazima ambazo vijana wanazipita kwa sababu hazina mng'aro. Wauzaji wenyewe hawazijui thamani yake, wanaziweka pembeni na kusema hizo za bibi dada utaacha ngapi. Mimi hapo ndo naanza kuchambua.

Na kuchambua kuna utaratibu wake. Kwanza kishike kiatu kwa mikono miwili ukikunje. Kiatu kizuri kinakunjika mbele pale vidole vinapoanzia, kikikunjika katikati ya unyayo ujue kile chuma cha ndani kimevunjika au hakikuwepo, kiache hata kama ni bure, maana mguu ndo utafanya kazi ya hicho chuma. Pili kiweke juu ya meza au kwenye kigae, kisigino kikae chote chini, usukume kidogo kwa kidole uone kama kinacheza. Kama kisigino kimelalia upande mmoja basi aliyevaa mwanzo alikuwa anatembea hivyo na wewe utafundishwa kutembea hivyo. Tatu ingiza mkono ndani kabisa mpaka mbele, upapase bitana, kama kuna mshono umevimba au msumari umechomoza utausikia kwa vidole kabla hujausikia kwa mguu. Nne chukua tishu yenye maji upake kidogo, maana kuna wanaopiga rangi nyeusi viatu vilivyochubuka, vinang'aa pale mezani na nyumbani soksi inakuwa nyeusi. Muuzaji mkweli hatakukataza.

Saizi nazo zinachanganya watu wengi sana. Namba 39 ya Ulaya iko karibu na 6 ya Mwingereza na 8 ya Mmarekani, lakini hatua zake hazilingani, ya Ulaya inaruka milimita 6 na kitu na ya Kiingereza inaruka milimita 8 na kitu, ndo maana kiatu cha namba hiyohiyo kimoja kinakubana na kingine kinapwaya. Ila kitu ambacho wengi hawaangalii ni herufi. Viatu vingi vya zamani na vya makampuni makini vina herufi ya upana ndani, na hapa kuna mtego, kwa Mwingereza D kwa kiatu cha kike ndo upana wa kawaida, E ni pana na EE pana zaidi, wakati kwa Mmarekani wa kawaida ni B na hiyo D ndo pana. Ukikuta AA kwenye kiatu cha Mmarekani cha zamani kiache tu hata kama kimekukosha moyo, ni chembamba sana. Wengi wetu tumekua peku na kandambili, nyayo zetu zimepanuka mbele jinsi zinavyotakiwa, halafu tunaingia kwenye kiatu kilichokatwa kwa mguu mwembamba tunalaumu mguu. Unakuta dada mwenye mguu wa 39 anavaa 41 ili tu apate upana, nyuma kinavuka, anaweka pamba, malengelenge kisigino kizima. Tafuta E ya namba yako kwanza. Na ujaribu jioni, mguu umeshavimba kidogo, usimame nacho, utembee, vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza.

Kuna jambo lingine nataka lisomwe na kila mtu mwenye kiatu cha harusi kwenye boksi juu ya kabati. Soli nyingi za kisasa ni za povu la poliyurethani, jepesi, laini, unapenda ukivaa dukani. Hilo povu linakula unyevu wa hewa taratibu hata kama kiatu hujakigusa, kemikali yake inavunjika yenyewe, na hewa yetu ya Dar, Tanga, Zanzibar na hata huku Morogoro wakati wa masika ni maji matupu. Unakitoa baada ya miaka kiko kipya kabisa juu, unaingia nacho kanisani, unafika katikati ya njia soli inamung'unyuka kama andazi kavu, unaacha vipande nyuma yako na maharusi wako mbele. Watu wanasema amerogwa au kauziwa feki, hapana, ni soli imezeeka kabatini. Tena kiatu kinachokaa bila kuvaliwa ndo kinawahi, kile unachokivaa mara kwa mara kinadumu zaidi. Soli ya ngozi au ya mpira wa kawaida haina tabia hiyo, na ndo sababu unaweza kukuta skuna ya mtumba yenye umri mkubwa kuliko mwanao bado inatembea. Ukinunua kiatu cha kizamani bonyeza soli kwa ukucha, kama inaacha alama na unga unatoka kiache.

Na uzuri wa hivi viatu ni kwamba fundi wa chini ya mwembe anaviweza. Fundi wangu hapa mjini anabandua soli iliyoisha, anakata mpya, anapiga gundi, anasubiri ikauke kidogo, anagonga, halafu anashona pembeni kwa uzi uliopakwa nta, na kisigino anakiwekea kipande cha raba chini kisiteleze kwenye vigae. Kuhamisha kifungo tundu moja mbele kwa wale wenye mguu uliojaa juu ni kazi ya dakika chache. Ukitaka kupanua kidogo anaingiza ubao wa kupanulia, anapaka maji na spiriti, analaza usiku. Hizi stileto za plastiki hataki hata kuzishika, kisigino kikivunjika ndo basi tena, hakuna pa kupigilia.

Mhariri, hapa nafika kwenye jambo linaloniuma zaidi kama mtu wa Morogoro. Sisi tulikuwa na kiwanda cha viatu. Watoto ninaowafundisha hawajui kabisa, nikiwaambia wanacheka. Kiwanda cha Viatu Morogoro kilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kikapangwa kitengeneze pea milioni 4 kwa mwaka na nyingi zipelekwe Ulaya, kikafunguliwa miaka ya mwanzo ya 1980 na hakikuwahi kufikia hata asilimia 10 ya uwezo wake mpaka kikafungwa mwaka 1990. Mashine ziliharibika, vipuri hakuna, malighafi shida, na jengo lenyewe halikufaa kwa joto letu. Kabla ya hapo kulikuwa na Bata, ambayo baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967 serikali ilichukua hisa nyingi na baadaye ikawa Bora, na wazazi wetu walivaa Bora shuleni na kazini. Wenzetu Kenya Bata yao ya Limuru iko mpaka leo. Sisi tuna ng'ombe zaidi ya milioni 30, tuko miongoni mwa nchi za juu kabisa Afrika, na mwanamke wa Morogoro anapanda treni kwenda kuchambua skuna ya ngozi aliyoivua mama wa Ujerumani.

Sisemi hakuna kinachofanyika. Kule Moshi gereza la Karanga kuna kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi, chuo cha teknolojia cha DIT kampasi ya Mwanza wanafundisha teknolojia ya ngozi, na mafundi wadogo wapo kila mji, wanatengeneza sendo, mabuti ya walinzi, viatu vya shule, moka za kiume nzuri kabisa. Nimezivaa sendo zao, mshono safi. Watu wa pwani wameshona makubadhi miaka na miaka, kwa hiyo mkono wa kushona ngozi tunao. Lakini ukimuuliza fundi akutengenezee skuna ya kike yenye kisigino kifupi anakuambia dada hiyo sina lasti yake, yaani lile umbo la mti au plastiki ambalo ngozi inavalishwa ili kiatu kipate shepu. Lasti za kiume anazo, za shule anazo, za kike zenye kisigino hana, na za kuagiza nje zinauzwa kwa seti ya saizi zote, mtaji wake hauwezi. Kumbe tatizo ni hapo tu! Mtu mmoja au kikundi kikiagiza seti ya lasti za kike, pana mbele, kisigino inchi 2, na vile visigino vyenyewe, mafundi kumi wanaweza kushirikiana. SIDO wa viwanda vidogo na VETA wa ufundi mpo, vikundi vya wanawake vya mikopo ya halmashauri mpo. Kila mwaka tunakopeshana kufuga kuku na kushona batiki, kwa nini isiwe na hii, wateja ni walimu, manesi, makarani, wanakwaya, na kila Jumamosi kuna harusi.

Kuna watakaosema agiza mtandaoni. Kweli yapo makampuni Marekani na Ulaya yanayotengeneza viatu vipya kwa staili za miaka ya 1920 mpaka 1950, American Duchess ni mmojawapo, na ni vizuri mno, nimeviangalia kwenye simu mpaka bando likaisha. Lakini pea moja ni zaidi ya dola 100, weka usafiri, weka ushuru, halafu kikifika kinabana utakirudishaje? Kwa mshahara wa mwalimu hiyo si njia.

Na wengine watasema mitumba ipigwe marufuku ndo viwanda vyetu vitainuka. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana mwaka 2016 kuachana na mitumba ya nguo na viatu taratibu, Marekani ikatishia kutufungia AGOA, ule mpango wa nchi za Afrika kuuza bidhaa kwake bila ushuru, wengine tukalegeza, Rwanda ikaendelea na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafasi ya kuuza nguo zake kule bila ushuru. Mimi maoni yangu, ukiziba mtumba leo kabla hujanipa kiatu kingine cha ngozi utakuwa umenihukumu kwenye leza feki, si kiwanda kitakachofaidika. Anza kutengeneza kwanza, kizuri kikija tutakinunua wenyewe bila kulazimishwa.

Kwa hiyo ombi langu kwa ukurasa wa mitindo ni hivi. Mkiweka picha ya kiatu andikeni na urefu wa kisigino, andikeni ni ngozi au si ngozi, bei na soko kinakopatikana. Mumuulize aliyekivaa amesimama nacho muda gani. Mpeleke mpiga picha Karume akaonyeshe zile zinazopitwa, mtafute mabinti wa miaka ishirini na mavazi yao ya kazini wazivae muone kama kuna bibi hapo. Mkanda wa T na gauni la kitenge la kufika chini ya goti unapendeza jamani, na hivyo vya kamba ukivaa na sketi ya penseli unaonekana umesoma. Na mkaongee na mafundi wa ngozi wa Moshi, Mwanza na hapa kwetu, muandike majina ya kazi zao na namna ya kuwapata, maana gazeti lenu linafika mahali ambapo tangazo la fundi halifiki.

Na kama kuna fundi au kikundi chenye lasti za kike kinasoma hapa, nauhitaji ushirikiano wenu hata kesho. Mimi ni namba 40, pana mbele, mguu umejaa juu, nataka nyeusi ya mkanda mmoja na nyingine ya kahawia ya kamba, kisigino kisizidi inchi 2, soli ishonwe isibandikwe. Ofisi ya walimu hapa shuleni kuna wenzangu wameshaandika saizi zao kwenye karatasi wanasubiri bei.

Wenu,
Mwalimu wa sekondari,
Morogoro